Daraja la kwanza kwa kanzu na makubadhi

Anayekata tiketi ya bei kubwa hapa Unguja mara nyingi si mwenye suti. Ni mfanyabiashara wa Darajani anayefuata mali Dubai au Guangzhou, kapiga hesabu ya kilo akaona bizinesi inamtokea nafuu kuliko kulipia mzigo wa ziada. Ni bibi wa Wete aliyetumiwa tiketi na mwanawe aliyeko Muscat. Ni mgonjwa wa mgongo anayekwenda kutibiwa India na kukaa kitako saa tano hawezi. Hufika uwanjani na kanzu, buibui, makubadhi, mkoba wa ukili mkononi, pengine wameteremka daladala ya 505, na mtu wa kwanza kuwaona huwanyooshea kidole foleni ndefu. Haya ni ya kwao, na ya watoto wao wanaowakatia tiketi.

Kabla ya kufikiria nguo, soma tiketi. Wakala akikupa karatasi yenye herufi na tarakimu sita tu, hiyo ni buking: nafasi imeshikwa, haijalipiwa. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 157 Qatar, 176 Emirates, 235 Turkish. Usipoiona namba hiyo, muulize wakala hapo hapo dukani kwake. Buking isiyolipiwa kompyuta huifuta muda wake ukipita, na mwenyewe hujua siku ya safari, mizigo imeshapandishwa kwenye mizani. Hapo hata ungevaa joho, safari huna.

Kisha tafuta herufi ya daraja. Kwa kawaida F ni daraja la kwanza. J, C, D na Z ni bizinesi. Y ni ikonomi ya bei kamili, na nyingi zilizobaki ni ikonomi za bei za chini. Mashirika hutofautiana kidogo, lakini herufi ipo kwenye kila tiketi, na ndiyo inayoamua kilo, launji (ukumbi wa kupumzikia), maili, na kama fedha zako zitarudi ukighairi. Bizinesi mbili za ndege moja zaweza kuwa na masharti tofauti kabisa kwa sababu ya herufi hiyo tu.

Daraja la kwanza lenyewe, lile la chumba chenye mlango wake, ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Ndege nyingi zinazoondoka Uwanja wa Abeid Amani Karume zina bizinesi na ikonomi basi. Ethiopian, Turkish na Kenya Airways hawana daraja la kwanza kwenye ndege yoyote. Qatar wanalo kwenye A380, ile ndege ya ghorofa mbili. Emirates wanalo, na A380 yao yenye daraja hilo ina vyumba 14 na bafu mbili za kuogea. Kwa hiyo anayeambiwa "umekatiwa first mpaka London" kutokea Zanzibar mara nyingi kakatiwa mchanganyiko: kipande cha kwanza bizinesi kwenye ndege ndogo, cha pili daraja la kwanza. Flydubai na Emirates, kwa mfano, wanauziana tiketi tangu 2017. Tatizo la mchanganyiko si kiti. Tatizo ni Dubai kwenyewe: flydubai hutumia jengo la 2 na la 3, na jengo la 2 liko upande wa pili wa njia za ndege, huendi kwa miguu. Angalia namba ya jengo kwenye tiketi, kisha hesabu saa za kuunganisha. Na angalia herufi kwa kila kipande, si cha kwanza tu.

Anayetoka Pemba ana mtihani wake. Ndege za Chake Chake kuja Unguja ni zile ndogo za Caravan. Hazina daraja, rubani hupanga watu kwa uzito, na waziri anaweza kuwekwa nyuma ya muuza samaki. Mzigo ni kama kilo 15, na wanataka begi laini, kwa sababu tumbo la kubebea mizigo ni jembamba na sanduku gumu halikunjiki. Tiketi yako ya Unguja kwenda mbele inaweza kukupa masanduku mawili ya kilo 32, lakini ikiwa kipande cha Pemba umekikata mbali, ile ruhusa haianzi kufanya kazi mpaka ufike kaunta ya Unguja. Sanduku kubwa lipitishe kwa boti ya Mkoani siku moja kabla, na ulale mjini. Anayeunganisha siku hiyo hiyo kwa tiketi mbili mbali mbali, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumngoja wala kumrudishia.

Sasa kadi. Hili ndilo linalowakwamisha wazee wengi zaidi kuliko kanzu. Mtoto yuko Muscat au Birmingham, analipa mtandaoni kwa kadi yake, jina la msafiri si la mwenye kadi. Mashirika kadhaa huweka alama kwenye tiketi ya namna hiyo: mwenye kadi aoneshe kadi kabla ya safari. Mama anafika kaunta anaulizwa kadi asiyoijua, na yeye anadhani kadharauliwa. Hakudharauliwa, kompyuta imegoma. Dawa yake iko kwa mtoto: siku ile ile ya kulipa awapigie shirika au aende ofisini kwao akathibitishe, na ahakikishe ile alama imefutwa. Au alipie tiketi kupitia ofisi ya shirika au wakala wa hapa hapa, kadi isihusike kabisa.

Kama ni mtu mzima anayechoka, kiti cha magurudumu kiagizwe saa 48 kabla, tena kwa aina sahihi. WCHR ni wa kupanda ngazi mwenyewe lakini masafa marefu hawezi. WCHS ngazi hawezi. WCHC hatembei kabisa. Ukiandika ya kwanza kwa anayestahili ya pili, gari la kunyanyulia watu halitaletwa mlangoni mwa ndege. Na kuna dosari moja ambayo haisemwi: msukumaji wa kiti humpeleka abiria moja kwa moja getini na kumwacha hapo, hata kama tiketi ni ya launji. Mwandikieni bibi kikaratasi cha Kiswahili na Kiingereza chenye namba ya safari, namba ya kiti, na sentensi moja kwamba apelekwe launji kwanza.

Haya, tumefika kaunta. Maneno ya kwanza mara nyingi huwa haya:

"Mama, hapa ni bizinesi. Foleni yako ile kule."

"Naam mwanangu, tiketi yangu hii."

Inatosha. Karatasi iko wazi mkononi, au simu imeshafunguliwa kwenye ukurasa wa tiketi. Usieleze nani kakukatia, wala usiulize kwa nini wewe tu. Yule anayesimama mwanzo wa foleni hana orodha. Kazi yake anaifanya kwa macho, na macho yake yamezoea watalii. Orodha iko kwenye kompyuta ya kaunta hatua nne mbele. Lengo lako ni kutoka kwenye macho yake ufike kwenye kompyuta kwa maneno machache iwezekanavyo. Akikataa hata baada ya kuiona tiketi, muombe kwa upole amwite msimamizi wa zamu. Sauti isipande, na hili si la adabu peke yake: mfanyakazi ana haki ya kumzuia abiria anayeonekana mkorofi, na akishaandika hivyo, tiketi ya F na ya Y huwa sawa.

Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na geti dakika 15 au 20 kabla. Daraja la kwanza halisogezi saa hizo hata kidogo.

Hesabu ya kilo. Mfano wa kawaida: ikonomi mabegi mawili ya kilo 23, jumla 46, bizinesi mawili ya kilo 32, jumla 64. Tofauti ni kilo 18, na kwa mwenye kuleta vitambaa au vipuri hizo ni fedha. Lakini kilo 64 haimaanishi begi moja la 40 na jingine la 24. Begi linalozidi 32 halipokelewi hata ukilipia, kwa kuwa kikomo hicho kimewekwa kulinda migongo ya wapakiaji. Chukua mzani mdogo wa kuning'iniza, na begi tupu la nguo ndani ya sanduku kwa ajili ya kugawa. Mtego mwingine uko kwa waliopanda daraja kwa kunadi: mashirika mengine hukutumia barua pepe utaje dau la kuhamia bizinesi, nalo likikubaliwa ndipo wanakata fedha. Kiti unapata, lakini mara nyingi kilo zinabaki za ikonomi, na launji pengine haimo. Dau huwa la mtu mmoja kwa kipande kimoja, na likishapokelewa halirudi. Soma masharti kabla ya kubonyeza, si mbele ya mizani.

Begi likishabandikwa, usiondoke. Soma kile kibandiko: herufi tatu kubwa ni mji wa mwisho. Unakwenda London na kumeandikwa DXB, begi litaishia Dubai. Angalia kipande unachopewa kina idadi sahihi ya mabegi na kilo, na kama kile kibandiko cha kutolewa mapema kimewekwa. Kwa abiria wa kanzu hicho ndicho kinachosahauliwa mara nyingi, na kukidai ni neno moja tu.

Kwenye ukaguzi daraja halisaidii kitu zaidi ya foleni fupi pale ilipo. Makubadhi yenye misumari hulia kwenye mashine, kwa hiyo yavue mapema. Mwanamke ana haki ya kukaguliwa na mwanamke, na mwenye nikabu aombe afisa wa kike na pahala pa faragha kabla hajafika dirishani. Vya majimaji kwenye mzigo wa mkononi ni chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko wa lita moja. Hapo ndipo zinapokufa zawadi zetu: asali, achari ya maembe, mafuta ya karafuu, manukato, na haluwa pia, kwa sababu kila kinachopakika huhesabiwa kama majimaji. Haluwa ifungwe nailoni mbili na iende begi la chini. Karafuu za gunia si zawadi: biashara yake ni ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzitoa nchini bila kibali ni magendo hata ukiwa umekaa kiti 1A. Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 hutangazwa forodhani.

Kama pasi yako ya kupandia ina herufi SSSS, hiyo ni kwa safari za Marekani, na maana yake utakaguliwa kwa ziada. Mwenye daraja la kwanza hupata kama wengine. Fika getini mapema.

Launjini msimamizi haangalii uso, anachanganua pasi. Ikiwaka nyekundu, sababu huwa moja kati ya hizi: umepandishwa daraja kwa dau lisilo na launji, launji hiyo si ya shirika lako, au pasi ni ya zamani na nyingine imechapishwa baadaye. Omba ichapishwe upya. Mgeni wa kuingia naye mara nyingi hayumo kwenye bizinesi.

Mlangoni mwa ndege mhudumu ataangalia pasi yako, na huiangalia ya kila mtu: tarehe na namba ya safari, kwa sababu kupanda ndege isiyokuwa yako hutokea. Usilichukue kama tusi. Ile habari ya "daraja la kwanza wanageukia kushoto" ni ya ndege kubwa zinazoingiwa mlango wa pili. Kwenye 737 anayeingia mlango wa mbele hugeukia kulia, na bizinesi ndizo safu za mwanzo. Ukigeuka kushoto utakutana na mlango wa rubani.

Kiti chenyewe kinataka uangalifu zaidi kuliko adabu za uma na kisu. Kina mota. Simu ikiteleza pembeni, usikisogeze kiti kwenda popote, mwite mhudumu. Kiti kikiiminya simu, betri ya lithiamu hupasuka na kushika moto, na kuzima moto wa betri angani ni kazi nzito. Kwa sababu hiyo hiyo ya mota, ncha za buibui na kanzu zikunje chini ya mapaja kabla ya kulaza kiti. Ukilala, mkanda ufunge juu ya blanketi ili uonekane. Ukiwa chini yake, ndege ikitikisika utaamshwa uoneshe. Mkanda mzito wenye uvimbe ni wa mfuko wa hewa, haujaharibika. Na wakati wa kupaa na kutua kiti kisimame, mkoba wa ukili uende juu, kwa sababu mtu anayekaa safu ya mbele hana kiti cha kuuficha chini yake.

Chakula cha halali kwenye mashirika ya Ghuba ndicho cha kawaida. Kwengineko agiza MOML angalau saa 24 kabla, na mwenye sukari aagize DBML. Kwenye tiketi ya mchanganyiko agiza kwa kila kipande. Kinywaji cha kukaribishwa huletwa kabla ya kupaa na kileo huwemo. Sema "maji" au "juisi" basi, sababu hakuna anayeitaka. Emirates daraja la kwanza huanza na kahawa ya Kiarabu na tende, na hapo mzee wa baraza yuko nyumbani kuliko aliyekaa jirani yake na tai. Kula kwa mkono hakukatazwi. Pijama, ndara na kipochi cha vipodozi ni vyako; blanketi, vikombe na vile visikizio vikubwa vya kuziba kelele si vyako, na visikizio hukusanywa kabla ya kutua. Kwenye A380 ya Emirates bafu huwekwa zamu ya nusu saa, na maji yenyewe ni dakika tano, taa ikikuonesha zilizobaki. Unaweza kuyasimamisha ukajipaka sabuni. Udhu ni bora uchukue hapo au launjini kuliko kwenye choo cha kawaida, ambacho sakafu yake hutota na anayefuata huteleza.

Kuhusu kuvaa vizuri ili upandishwe daraja bure: hilo limepitwa na wakati, kama liliwahi kuwa kweli sana. Ikonomi ikijaa kupita kiasi, kompyuta hupanga majina kwa kadi za uanachama na bei ya tiketi. Suti haiioni. Pahala pekee ambapo mavazi yana sheria hasa ni tiketi za wafanyakazi na jamaa zao. Mwezi wa Machi 2017 United Airlines iliwazuia Denver wasichana wawili waliovaa legingi, na dunia ikapiga kelele. Walikuwa wanasafiri kwa tiketi za namna hiyo. Kwa hiyo kama shemeji yako anafanya kazi kwenye shirika na amekupa nafasi yake, muulize mavazi gani yanatakiwa, na uyavae. Aliyelipa tiketi yake anatakiwa awe amesitirika na asiwe pekupeku. Kanzu safi inavuka kote huko, na ndara kwenye mashirika mengi pia.

Linalouma kweli ni kushushwa daraja. Hutokea ndege ikibadilishwa kwa yenye viti vichache vya mbele, au kiti kikiharibika. Usitoe pasi ya mwanzo bila kuipiga picha. Taka maandishi kwamba umeshushwa na kwa sababu gani, kisha chagua: kungoja safari inayofuata kwa daraja lako, au kwenda na kudai tofauti. Ukiwa unaondoka nchi ya Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, au unakwenda huko kwa shirika la huko, sheria ya Umoja huo namba 261 ya mwaka 2004 inakupa marejesho ya bei ya kipande hicho: asilimia 30 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, 50 kwa nyingi za kati, na 75 kwa zinazozidi 3,500, na Unguja hadi Ulaya inazidi. Walipe ndani ya siku saba. Usikubali vocha kama hukuitaka.

Mzigo ukipotea, mkataba wa kimataifa wa Montreal haujui F wala Y. Kikomo cha fidia kwa abiria ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) tangu tarehe 28 Desemba 2024, isipokuwa uliandikisha thamani kubwa zaidi kaunta na kuilipia. Dhahabu na nyaraka zibaki mkononi. Kabla hujatoka ukumbi wa mizigo, andikisha PIR, yaani ripoti ya mzigo wenye kasoro, upewe namba yenye herufi tano na tarakimu tano. Begi lililoharibika lina siku saba za kudai kwa maandishi, lililochelewa siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Shirika lisipojibu, peleka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, nakala ya pasi, kibandiko cha begi, PIR na barua uliyowaandikia, ikiwa na tarehe waliyoipokea.